Vidole vya Ndila

Ndila alisukuma mlango wa saluni kwa kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kukakamaa tena, mikono yote miwili. Havingelegea mpaka saa nne.

Mwenzake Rachael alikuwa tayari anasuka. Ndila alivitazama vidole vya mwenzake vikipita kwenye nywele, haraka, bila kufikiri. Akatamani kulia. Kazi hiyo aliifanya tangu usichana wake. Siku hizi alifagia tu, huku wateja wake wakikaa kwenye kiti cha Rachael.

Nyumbani, mumewe Maluki alimchua kwa dawa. "Ni maji baridi," alisema. "Acha kufua."

Akaacha kufua. Uvimbe haukuisha.

Jirani yao Dianah alifundisha wagonjwa mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya Thika. Jumapili, walipotoka kanisani, alimpa Ndila mkono. Ndila akashtuka kwa maumivu.

"Ndila, ni nini?"

"Ni baridi tu."

"Hebu kunja ngumi."

Ngumi haikufungika. Dianah akakunja yake.

"Unaona hivi vilima vinne? Ni vichwa vya mifupa ya kiganja. Hapo ndipo vidole huanzia. Kila kidole kina mifupa mitatu, gumba lina miwili. Mifupa ikikutana, hapo ni kiungo. Ncha zake zimefunikwa na gegedu, kama ile nyeupe unayotafuna kwenye mfupa wa kuku. Ndani kuna ute wa kulainisha."

"Kwani wangu umekauka?"

"Hapana. Nafikiri utando wa ndani ya kiungo umevimba. Ukiachwa, utakula gegedu, kisha mfupa. Muone daktari wiki hii."

"Nitasuka tena?"

Dianah hakutaka kumdanganya. "Sijui. Lakini usichelewe."

Daktari alipima damu na kupiga picha za mikono. "Ni baridi yabisi," alisema.

"Si nilisema ni baridi!" Maluki akadakia.

Daktari akatabasamu. "Hilo ni jina tu, mzee. Maji hayana makosa. Kinga ya mwili wake yenyewe inashambulia viungo vyake. Dawa itaituliza polepole. Asiiache hata akipata nafuu, na arudi kupimwa damu."

Miezi ilipita. Kila asubuhi Ndila alitumbukiza mikono kwenye maji ya uvuguvugu, akakunja na kukunjua vidole kama Dianah alivyomwonyesha. Jioni alikaa akivipitisha hewani, akisuka nywele zisizokuwepo. Kidole kimoja kilibaki kimepinda. Vingine vilirudi hali ya kawaida, kimoja baada ya kingine.

Siku moja saluni ilijaa. Msichana mdogo alichoka kusubiri.

"Njoo kwangu," Ndila akasema.

Alimsuka mistari minene, akipumzika kila alipomaliza mmoja. Kichwa kilikuwa na joto chini ya viganja vyake. Alikuwa amelitamani joto hilo kuliko alivyojua.

"Umechoka?" akamuuliza mtoto.

Mtoto alikuwa amelala, shavu limeegemea goti la Ndila.