Ukanda wa Tano

YAH: KUWEPO KWA PUNJE NYEUSI TATU ZISIZOIDHINISHWA KATIKA MCHELE WA DARAJA LA KWANZA.

Barua ya wilaya ilitaka maelezo kwa nakala tatu, ingawa haikusema punje nyeusi huombewa kibali dirisha gani. Mzee Salehe, mwenye kinu pale Bondeni, akamtupia fundi wake Hezroni. Mashine ya kuchambua ilikuwa ngeni mjini, imeingia na soko huria: mchele unateremka, kamera inauangalia, punje mbovu inapulizwa nje na hewa. Fyu.

Hezroni alizuia mchele usiteremke ili aikague. Fyu. Mashine ikapuliza patupu, na chumba kikanuka nywele zilizoungua. Mkewe Veronika, mpepetaji wa kinu hichohicho, akapita nyuma yake, na kandambili zake hazikulia sakafuni.

Mchana ikapuliza tena. Hezroni alipomwinamia mkewe, ile harufu yake ya pumba na mawese haikuwepo. Asubuhi iliyofuata alimwamkia kwa Kinyakyusa, "Ugonile?" Veronika, mzaliwa wa Busale, akamtazama kama aliyeamkiwa kwa lugha ya ng'ambo.

Walikata umeme; ikapuliza. Hezroni akampeleka mkewe kwa mama yake Busale. Mashine ikapuliza huku, naye kule akasahau jina la Lusungu, mtoto wao. Akamrudisha, amwone kwa macho yake.

"Jini linamchambua," alinong'ona Maalim Zubery, mtoa majini aliyeitwa kinuni. "Punje kwa punje."

"Litoe, Maalim."

"Sisomei nisichokiona. Nionyeshe jini zima, unyayo hadi uso, litatoka."

"Linapita mbio mno. Kwenye skrini ni ukungu tu."

"Fundi wa mbio ni mimi au wewe?"

Kamera ilikuwa na sharti lake: ukitaka picha nyingi kwa sekunde, uipunguze picha iwe nyembamba, na uiongezee mwanga. Picha nzima ilitoa thelathini, na ukungu. Hezroni akaikata nusu, ukungu ukawa na bega. Akaikata hadi ukanda mmoja kati ya kanda tano, akafunga taa nne zaidi, zikapatikana picha mia na hamsini kwa sekunde. Fyu. Vidole vya miguu, vikavu, vimetulia angani.

"Tutalishona," alisema. "Ukanda kwa ukanda, kutoka chini."

"Hezroni, mwanangu," Mzee Salehe alisema taratibu, "tangu ufunge hizo taa linakuja upesi zaidi. Serikali yenyewe haiitiki haraka hivi."

"Nikizizima sitaliona, Mzee."

"Na huyu mama amebakiwa na punje ngapi?"

Hezroni tayari alikuwa anausogeza ukanda juu, magotini, fyu, na Veronika aliyeketi juu ya gunia akaacha katikati wimbo wa kwaya aliokuwa akiuimba kwa pumzi, kisha kiunoni, fyu, akaitazama pete yake na kuivua kama kitu alichookota njiani, kisha kifuani, fyu, na harufu ya nywele ikajaa hadi Mzee Salehe akaziba pua kwa kanzu, na Hezroni, jasho likimtiririka machoni, akiomba kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili na kwa namba za kamera, akaupandisha ukanda wa tano na wa mwisho, pale panapopaswa kuwa na uso.

Fyu.

Uso ulikuwa umetulia, una subira ya karani. Ulikuwa ukitazama moja kwa moja ndani ya kamera.

Maalim akasoma mbele ya skrini mpaka sauti ikamkauka. Harufu ikakatika. Mashine ikanyamaza.

"Mama Lusungu," Hezroni aliita.

Veronika akanyanyuka kwenye gunia, akamtazama kwa adabu.

"Habari za kazi, fundi?"

Jini lilitoka saa tisa na robo alasiri. Veronika alibaki mzima wa mwili, na kitu cha mwisho alichochukuliwa kilikuwa mumewe.