Barua Niliyoikuta Kwenye Ndoo ya Miwani

Barua ya mke wa mwanangu niliikuta imechanwa vipande vipande... ndani ya ndoo ya taka ya mwanamke aliyekuwa akiitaka nafasi yake.

Nisikilizeni hadi mwisho, wapendwa, maana hata mimi siku hiyo nilidhani nimeshajua kila kitu.

Mimi ni mjane, mfanya usafi kwenye kituo cha utafiti wa nafaka. Nimeishia shule ya msingi. Mkwe wangu ni mtafiti palepale. Mimi napiga deki, yeye anapima sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoingia kwenye mahindi. Hatuoneani haya.

Aliomba ufadhili wa safari, ule wa wanasayansi wanawake wanaoanza kazi. Nauli na malazi, akaeleze mbele ya mkutano wa ng'ambo njia yake mpya ya kupima. Kazi ya miaka mitatu hiyo.

Kila nikimuuliza, jibu lilikuwa lilelile. "Bado, Mama."

Na huyu tunayemwita Miwani, mtafiti wa chumba cha jirani, alishasema korido nzima kwamba yeye ni wa akiba. Mwenye nafasi akikaa kimya, anapanda ndege yeye.

Asubuhi hiyo, nikimwaga ndoo yake ya taka, ndipo nikavikuta vile vipande vya barua. Zilikuwa karatasi mbili. Nikaziunga kwa tepu, nikasoma kwa kidole kama kawaida yangu, mstari kwa mstari.

Jina la mkwe wangu. Umechaguliwa. Thibitisha kabla ya saa sita mchana... leo.

Saa ya ukutani ilisema tano na dakika kumi.

Miwani aliingia na kikombe chake cha chai. Nikamwonyesha barua bila hata salamu.

"Mwanangu, hii imefikaje kwako?"

Akaweka kikombe taratibu.

"Aliichana mwenyewe, Mama. Asubuhi hii, hapo hapo uliposimama. Nilimkataza, muulize."

Nikamuuliza mtu anachanaje riziki yake. Akaangalia pembeni, akasema hilo si lake kulisema.

Sikumwamini hata kidogo. Nilitoka mle nikijisemea, huyu ulimi wake umepakwa asali.

Kule maabara, mkwe wangu alikuwa na barakoa usoni, anasaga sampuli, kinu kinanguruma. Nikakizima mwenyewe, kitu ambacho siruhusiwi. Alipoiona barua mkononi mwangu, macho yakamjaa machozi.

Kwanza akasema kazi zimekuwa nyingi. Kisha mumewe yuko safarini na lori lake. Kisha mtoto ana miezi saba, bado ananyonya. Nikamwambia si tungeongea, kwani mimi nauma?

Akashusha barakoa.

"Ulishaongea, Mama. Asubuhi ile, kwenye sala."

Wapendwa... nilikumbuka neno kwa neno.

Wiki iliyopita, tumepiga magoti sebuleni, mimi naongoza. Nikaomba kwa sauti Mungu awape akina mama wa siku hizi moyo wa kukaa na watoto wao, wasipeperushwe na ndege. Tena pale kwenye ndege nilivuta sauti. Naye akaitikia amina. Barua ilifika kesho yake.

Kijembe, ndugu zangu. Nilikifunga ndani ya sala ili asiweze kukijibu. Nani atamkatiza mtu anayeongea na Mungu?

Niliyekuwa namsaka tangu asubuhi ni mimi.

Ilibaki robo saa.

Nikageuza karatasi ya pili. Yeye alisoma ya kwanza tu, kama wasomi wanavyosoma: jina, tarehe, basi. Mimi siwezi kuruka mstari, nitapotea. Kule chini kabisa, kidole changu kilikuwa kimeshapita: mama anayenyonyesha atalipiwa safari ya mtoto, na ya mtu mmoja wa kumshika.

"Soma hapa."

Akasoma mara mbili.

"Mama... utakuja?"

"Jibu barua kwanza. Mimi utaniuliza baadaye."

Kompyuta ya maabara ilikuwa inawaka kwa kujivuta, kama mgonjwa anayeamshwa. Dakika tisa. Nane. Mlangoni akatokea Miwani. Alijua vizuri kwamba akirudi kunywa chai yake, ndege ni yake.

"Njoo utumie yangu," akamwambia mkwe wangu. "Iko wazi."

Jibu liliondoka saa sita kasoro dakika nne.

Nilimwomba Miwani radhi. Akacheka, akasema mwakani nimwombee yeye, ila niombe kimyakimya.

Mkwe wangu nilimwomba radhi palepale kwenye vumbi la mahindi, macho kwa macho, bila kufumba yangu.

Ninyi wenye wakwe, mkiwa na neno, waambieni wenyewe, hata kama litauma. Mungu si tarishi wa kupeleka vijembe.

Naandika haya begi langu likiwa mlangoni. Mtoto amelala juu yake.