Lozi Zilizopungua Kinuni

Kila Jumatano baada ya shule, Kalekye na binamu yake Kasyoka walipokezana mchi. Mmoja akichoka, mwingine anaendelea. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Machakos, na majirani waliosikia kinu kile walidhani ni mahindi ya muthokoi, chakula cha Wakamba, yanapondwa. Hayakuwa mahindi. Zilikuwa lozi.

Kalekye, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuweza kula ngano. Alipokuwa Gredi ya Nne aliugua tumbo mwaka mzima, akakonda mpaka sketi yake ya shule ikafungwa kwa pini. Daktari alimpima damu, akasema ngano inaumiza utumbo wake, na kwamba hata kidogo ni hatari. Tangu siku hiyo chapati, mandazi na mkate vikawa vya wengine.

Mama yake, Munyiva, alikuwa mpishi katika nyumba ya masista wa Kiitaliano. Huko alijifunza kuoka biskuti zisizo na unga wowote: lozi zilizopondwa, sukari, ute wa mayai na ganda la ndimu lililokunwa. Oveni hakuwa nayo. Alimwaga mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka sinia dogo juu ya mchanga, akafunika, kisha akapanga makaa juu ya kifuniko. Biskuti zilitoka zimepasuka juu, na katikati zilikuwa laini za kutafunika.

Kasyoka alitoka kijijini Muthetheni, akaja kukaa kwao ili asome mjini. Shuleni yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa Kalekye. Mtoto akimpa Kalekye kipande cha keki, Kasyoka alikuwa wa kwanza kupiga kelele.

"We Kaloki, unataka kumuua? Toa hiyo keki hapa!"

Wiki moja, shule ilikuwa na mbio za kirafiki siku ya Ijumaa, na Mwalimu Nzioka angezitumia kuchagua timu. Kalekye alikimbia mita elfu moja na mia tano, na hakuna kitu alichokitaka kuliko nafasi hiyo. Jumatano alibaki uwanjani kufanya mazoezi. Kasyoka akaponda lozi peke yake, na mama akaoka jioni.

Alhamisi asubuhi Kalekye alikula biskuti nne. Jioni tumbo likaanza kukata. Akatapika. Akaharisha. Kasyoka ndiye aliyemshikia beseni na kumletea maji. Ijumaa, wenzake walipokuwa wakijipanga kwenye mstari, Kalekye alikuwa amelala ubavu, magoti yakigusa kidevu.

Jumatatu alimfuata mwalimu.

"Mwaka jana ulisema mguu, sasa ni tumbo," Mwalimu Nzioka alisema. "Nafasi yako nimempa Mwikali. Sina kazi na mkimbiaji anayeogopa mbio."

Kalekye alirudi nyumbani akilia. Mama yake alimsikiliza, halafu akaenda kuchukua mkebe wa biskuti. Zilibaki mbili. Aliikunja moja kwa vidole. Ikavunjika, ka!

"Hii si yangu," alisema, akimgeukia Kasyoka. "Biskuti ya lozi haivunjiki hivi. Inapinda kwanza. Humu ndani kuna unga. Kasyoka, ulitia nini kwenye bakuli?"

"Labda ni mchanga, Anti."

"Mchanga uko chini ya sinia. Nimekuuliza juu ya bakuli."

"Mwaitu, usimshuku Kasyoka," Kalekye alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake, kwa Kikamba. "Huyu ndiye hunichunga."

Kasyoka akainamisha kichwa. Maneno yakamtoka vipande vipande. Alipokuwa akiponda alionja lozi moja. Kisha nyingine. Kisha akala kwa ukufi, mpaka bakuli likapungua. Akaogopa. Akachota unga wa chapati akajazia.

"Viganja viwili tu," alisema.

Kalekye alimtazama kama mtu asiyemjua. "Ulijua nitagonjeka."

"Sikujua! Nilidhani ni madeko. Kwetu tunakula kila kitu na hatufi. Nilidhani unapenda tu kupikiwa vyako."

"Na shuleni? Ulipokuwa unawafokea kina Kaloki?"

"Walikuwa wananisikiza. Nilijiona mkubwa," Kasyoka alisema kwa sauti ndogo.

Hilo lilimuuma Kalekye kuliko tumbo. Kumbe muda wote huo mlinzi wake hakuamini hata neno moja.

"Ukanishikia beseni," alisema. "Ukaniona natapika, ukanyamaza!"

Aliondoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na siku mbili hakumsemesha Kasyoka.

Mama hakumchapa Kasyoka. Alimpeleka shuleni asubuhi iliyofuata, akamsimamisha mbele ya Mwalimu Nzioka na timu nzima. Kasyoka alisema yote: lozi, unga, na kunyamaza kwake. Wengine walicheka. Mwalimu hakucheka.

"Kalekye, nilikuita mwoga bila kuuliza," alisema. "Nimekosa. Ukipata nguvu, utakimbia na Mwikali. Wa kwanza ndiye atakayeingia kwenye timu."

Walikimbia wiki iliyofuata. Mwikali alimbana mpaka mzunguko wa mwisho, lakini Kalekye alimwacha hatua tatu.

Siku hiyo jioni Kasyoka alimngojea mlangoni. "Nisamehe, Kalekye."

"Nimekusamehe. Lakini lozi nitaponda mwenyewe."

Kasyoka alimgeukia shangazi yake aliyesimama karibu, huku machozi yakimlenga. "Anti, si amesema amenisamehe?"

"Amekusamehe," Munyiva alijibu. "Lakini hajakuamini, na kukuamini si deni lake kwako. Kula lozi ni ulafi wa mtoto, hilo ningekusamehe siku hiyo hiyo. Ila ulimwona mwenzako anaumwa, dawa yake ikiwa ni neno lako moja, ukalificha. Sisi tulidhani ugonjwa umerudi. Kosa ukilisema mapema ni dogo. Ukilificha, anayeumia ni mwingine. Sasa kausha macho. Kuaminiwa tena ni kazi, na kazi hiyo hakuna atakayekufanyia."

Kasyoka aliyafuta machozi, akaingia jikoni, akaanza kuosha kinu.