Chumba cha Bibi Mshonaji

"Asante kwa kunishonea ovaroli, mpenzi. Mfuko umekuwa kama mpya."

Fundi umeme alituma ujumbe huo akiwa juu ya ngazi, vumbi la chokaa limemjaa hadi kwenye kope. Jibu likaja kabla hajashuka.

"Ovaroli gani? Mimi hata kutunga uzi kwenye sindano sijui."

Akauangalia mfuko. Jana jioni aliiacha ovaroli humo, mfuko umechanika vibaya. Sasa umeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo, kazi ya mtu asiye na haraka. Na nyumbani mle alikuwa peke yake.

Nyumba ilikuwa ya Mwalimu, mchumba wake, aliyeirithi kwa babu yake. Katika mtaa ule mkongwe historia za wenye nyumba husimuliwa kama umbea wa jana: pale alikaa tajiri aliyelala na funguo mdomoni, kule daktari aliyeogopa damu. Mwalimu alipomkabidhi fundi nyumba atengeneze nyaya kabla ya arusi, alimwomba jambo moja tu: chumba cha Bibi Mshonaji asiingie bila kupiga hodi na kujitaja.

Fundi alicheka moyoni. Hodi kwa nani, kwa mende? Jana mchana alisukuma mlango, akapitisha nyaya zake, akatoka akipiga mluzi; na Mwalimu alipomuuliza jioni, akasema alipiga hodi.

Sasa simu ikalia.

"Fundi, niambie ukweli. Nilikuuliza kama ulipiga hodi, ukasema ndiyo."

"Nilisahau."

"Ulisahau au ulidharau?"

"Nilidharau."

"Mungu wangu! Toka nje. Nakuja."

Aliposhuka, akakuta koti jeusi la kiume limetundikwa kwenye ngazi, mtindo wa zamani sana, mkono mmoja haujamalizika kushonwa. Hakuhitaji kulijaribu. Mabega yalikuwa yake. Akatoka mbio bila viatu.

Mwalimu alifika na chaki bado vidoleni.

"Bibi Mshonaji ni dada wa babu wa babu yangu," alisema akihema. "Mchumba wake alisafiri. Walipoagana, bibi alimwambia: siku ukirudi usipige hodi, ingia tu, nitajua ni wewe. Bibi akafa akingoja. Ndiyo maana sisi wote tunapiga. Ili ajue si yeye."

"Kwa hiyo mimi..."

"Wewe ndiye bwana arusi! Hongera!" Sauti ilimkatika. "Tena umenidanganya mchana kweupe. Mimi sitaki uke wenza na aliye hai, sembuse na marehemu!"

"Nitafanya lolote, Mwalimu. Nakupenda."

"Basi nenda kamwambie. Usipoweza, na mimi usinioe."

Wakaingia pamoja. Ushoroba ulikuwa wa baridi, na jua lilikuwa linawaka nje. Kutoka chumbani ilisikika cherehani, taratibu. Fundi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa umeme. Akagonga.

"Hodi."

Cherehani ikanyamaza.

"Nani?" Sauti ya mwanamke, karibu kabisa na mlango.

"Ni fundi umeme, bibi. Niliingia kwako bila hodi, kwa dharau tu. Mimi siye uliyekuwa unamngoja. Mchumba wangu ni huyu mjukuu wako. Na yeye nimemdanganya. Nisamehe."

Mwalimu alimshika fundi ovaroli kwa nyuma.

"Kumbe hakurudi," sauti ikasema.

Ndipo Mwalimu alipoelewa, na moyo ukamuuma. Miaka yote hiyo ukoo mzima ulipiga hodi kwa adabu, babu, baba, mashangazi, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia bibi ukweli. Walimwacha angoje. Akakaa chini sakafuni, akaegemea mlango, akalia kwa sauti.

"Hakurudi, bibi yangu. Tulipaswa kukwambia. Tusamehe."

Fundi akachuchumaa, akamkumbatia, akawa anamfuta machozi kwa kiganja kichafu, na Mwalimu hakumsukuma.

Upande wa pili kiti kilisogezwa. Kitasa kikazunguka chenyewe, mlango ukafunguka kidogo.

"Na wewe unalia nini, mjukuu wangu?" sauti ikauliza kwa upole. "Wako si amekuja?"