Hereni ya Tisa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Siafu alifungua zizi na kuwatoa mbuzi mmoja mmoja, akiwakagua macho na miguu. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu akishika jambo haachi. Mbuzi ndio waliokuwa tegemeo la mama yake: sare, madaftari na chakula cha nyumbani vyote vilitoka kwao.

Asubuhi ile zizi lilikuwa kimya. Usiku ilinyesha mvua ya mawe yenye baridi kali, na mbuzi walikuwa wamekondeshwa na ukame, hawana mafuta mwilini ya kuwakinga. Wanane walikuwa wamekufa, wamerundikana pembeni. Wanne walisimama wakitetemeka.

Mama hakupoteza muda kulia. Alijifunga mifuko ya plastiki mikononi, akatoa hereni za namba zilizokuwa masikioni mwa mizoga, kisha wakaanza kuchimba shimo refu mbali na kisima.

Jirani yao, fundi baiskeli, alikuja na koleo lake na habari mpya. Redio ilikuwa imetangaza kwamba serikali itampa mfugaji mbuzi mmoja kwa kila mmoja aliyeuawa na mvua. Daktari wa mifugo angepita nyumba kwa nyumba kukagua hereni. Mama alipokwenda kuteka maji, fundi aliinamia koleo, akamnong'oneza Siafu.

"Hereni haina mdomo, binti. Kama mnayo ya ziada, ongeza. Serikali haitamfukua mbuzi imuulize amekufa na nini."

Ya ziada ilikuwepo. Kabla ya mvua, mbuzi mmoja alikuwa amekohoa siku kadhaa akafa, na hereni yake ilibaki kwenye kopo la misumari. Siafu aliipaka tope, akaichanganya na zile nane. Alijiambia kwamba hakuna atakayeumia.

Daktari alipofika, mama alikuwa zizini akiwafunga kamba wale wanne ili wakaguliwe. Siafu ndiye aliyemkabidhi hereni. Daktari, mwanamke mrefu mwenye mabuti ya mpira, alizipanga mezani na kuuliza kila mbuzi alikuwa na hali gani kabla ya mvua. Siafu alijibu bila kusita: alikula, alikunywa, alitembea vizuri. Walipofika kwenye ile ya tisa, alisita.

"Kwa nini unauliza ya kabla ya mvua, daktari?"

"Kwa sababu mbuzi nitakaowaletea watalala zizi hilihili, binti. Mvua imekwisha. Ugonjwa, kama ulikuwemo, bado umo."

Siafu alipiga hesabu upesi. Akidanganya, wangeletewa mbuzi tisa, na huenda asibaki hata mmoja.

"Huyu hakufa kwa mvua," alisema. "Alikohoa akafa kabla. Nimemwongeza mimi. Mama hajui."

Daktari hakumkemea. Aliitenga hereni ile, akavaa glavu, akaenda zizini na kumweleza mama yote. Mama alimtazama binti yake, akamwambia kwamba zizi lote atalisafisha yeye, peke yake.

Vipimo vilionyesha kuwa wawili kati ya wale wanne walikuwa na homa ya mapafu. Daktari aliwadunga sindano, akaagiza wasichanganywe na wengine, na akasema hataleta mbuzi mpaka zizi liwe salama. Kisha akatangaza chanjo kwa majirani. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa fundi baiskeli na mbuzi wake. Siafu alipomuuliza kama hereni bado haina mdomo, alimjibu anyamaze amshikie mbuzi pembe.

Ilichukua wiki kadhaa. Wale wagonjwa walipona, daktari akapima tena, na hatimaye gari la mifugo likashusha mbuzi wanane wenye afya. Siafu aliwaingiza zizini akiwakagua kama kawaida yake.

"Wangekuwa tisa," alisema.

"Wangekuwa tisa kwa siku chache," mama alijibu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msaada ni kama dawa, mwanangu: hupewi iliyo sahihi mpaka useme ukweli wa kinachokuuma. Umechelewa kuusema, lakini umeusema, na leo tuna mbuzi kumi na wawili wazima. Haya, wape maji, kisha uende shule."