Nilichukua Bati, Nikawaachia Mvua

Nina miaka arobaini na saba. Sina mke, wala sijalala tena chini ya paa nililoezeka mwenyewe. Msinihurumie kabla hamjasikia nilichofanya...

Nilifika Bujumbura wakati wa vita, nikitokea Kalemie. Nilisafiri juu ya magunia ya unga katika meli ya mizigo hadi Kigoma, nikasubiri wiki tatu, kisha nikapanda nyingine. Wenzangu walikuwa wakiukimbia mji ule, mimi nikauingia! Ndivyo nilivyokuwa: miguu haitulii, na kila nilipofika nilikulilia nilikotoka.

Nikapata kazi ya kubeba mizigo bandarini. Hapo ndipo nilipomjua Espérance, aliyekuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Tukaoana. Mjomba wake akampa kiwanja kidogo mlimani Gihosha. Espérance alifyatua matofali ya udongo kwa mikono yake, akiwa na mimba ya binti yetu Riziki. Riziki alipozaliwa, mimi nikaleta mabati.

Hivyo ndivyo nilivyozoea kusema... Ukweli ni kwamba kati ya mabati ishirini na manne, kumi na manne yalitoka kwenye beseni lake la ndagala. Hakujua kusoma. Alinipa pesa akasema, "Papa Riziki, we njo ulisoma. Andikisha majina yetu yote mbili."

Dukani nikaandikisha langu peke yake. Siku ile sikuwa na nia mbaya, naapa! Nilikuwa na haraka tu. Ile fakitire, karatasi ya dukani, aliikunja akaiweka ndani ya Biblia yake, akiamini jina lake limo.

Miaka minne baadaye nilichoka. Milio ya risasi, wivu, hamu ya kwenda... Tuligombana mpaka ndoa ikavunjika. Mbele ya mashingantahe, wazee wanaoamua mashauri ya mtaa, nikadai paa langu. Wakasema kila mmoja achukue alicholeta. Espérance alisema mabati ni yetu wote wawili, akafungua Biblia akawapa fakitire bila wasiwasi wowote.

Mzee akasoma. Jina moja!

Espérance akanigeukia mimi, msomi wake, niseme neno. Nikatazama viatu vyangu.

"Basi, bati ni yako," mzee akaniambia. "Ukuta na mulango ni ya mama. Na mvua, bwana? Mvua tumupe nani?"

Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka!

Ilikuwa mwezi wa tatu. Espérance alinisihi: "Papa Riziki, acha mvua iishe. Mu mwezi wa sita utakuja kutoa zote, mi mwenyewe nitakushikia ngazi." Ningepungukiwa nini? Lakini niliogopa angepata shahidi wa zile pesa zake. Kesho yake nikapanda na nyundo. Riziki alisimama chini akiniokotea misumari. Alidhani naziba panapovuja...

Mabati niliyauza mtaa wa Kibenga siku hiyohiyo.

Wiki moja baadaye, mwanamke aliyeuza ndagala pamoja na Espérance akanijia bandarini. "We mwanaume, nenda uone kazi yako!"

Nikapanda Gihosha. Ukuta wote ulikuwa tope. Mlango tu ndio ulibaki umesimama kwenye fremu yake. Nyuma yake, chini ya shitingi, turubai la plastiki, walijibanza mke wangu na mwanangu. Nilitaka kupita pembeni. Nani angenizuia? Ukuta gani?

"Papa, apana pita kule!" Riziki akapaza sauti. "Piga hodi."

Nikabisha mlango usio na nyumba.

"Ni nani?" Espérance akauliza.

"Ni mimi. Papa Riziki."

Akasema, "Angalia muzuri, bwana. Jina yako haiko ku mulango hii."

Bwana! Hakuwahi kuniita hivyo.

Ndugu wasomaji, mwandikisheni mwenzenu jina lake siku ile mnayopendana, maana siku ya kugawana mkono huwa mzito. Na wewe unayejua kusoma, usimfanye asiyejua alipie imani yake. Mimi nilijua kusoma, na tazameni nimebaki na nini?

Pesa za mabati niliziacha kizingitini, chini ya tofali lililobaki zima. Sijui kama aliziokota. Alasiri ile nilipanda meli ya Kigoma. Kutoka ziwani niliona mlima wa Gihosha, mabati ya watu yaking'aa juani baada ya mvua... Nikageuza uso. Sijarudi tena.