Sauti ya Bibi Elizabeti kwenye Kompyuta ya Amne

"Huo siyo muziki, Mama Amne! Hiyo ni mashine ya kusaga iliyolegea mkanda! Kuku wangu kaatamia mayai kumi na mawili, leo siku ya tatu anakimbia kiota!"

"Sasa mimi nimfunge kamba kuku wako? Kama ana masikio mepesi, mpeleke kwa dada yako Iguguno akapumzike."

Mama Scola alikuwa amesimama upande wake wa ua, ungo wa alizeti mkononi. Mama Amne alikuwa upande wa pili akifua, na wala hakuinua uso. Majirani wa Mandewa waliokuwa na kazi waliziacha. Mmoja alitoa kabisa kigoda akakaa, maana ugomvi wa wale wawili haukuwa wa kusikilizwa ukiwa umesimama.

Aliyeuleta ugomvi akatoka ndani. Amne alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba, na likizo hiyo ya Juni alitembea na hedifoni shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu.

"Shikamoo, Mama Scola," alisema haraka, kama mtu anayetema ganda la alizeti.

"Marahaba. Punguza hilo dude lako."

"Ni wimbo wa kumuaga Jesca huu. Jumamosi mtaa mzima mtaucheza. Sasa kuku asipojua biti, mimi nifanyeje?"

Aliyekaa kwenye kigoda alicheka mpaka akakohoa. Mama Scola alimtazama Amne kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, akasonya, akaingia ndani.

Kompyuta aliyokuwa akiitumia Amne iliachwa na mjomba wake Godfrey alipohamia Itigi kikazi. Ilikuwa na programu mbili za bure ambazo mjomba alimfundisha. Kwa Audacity, Amne alirekodi sauti na kuisafisha makelele ya upepo na mbwa. Kwa LMMS, alipanga ngoma, akaziweka zile sauti juu yake. Tusimnyime sifa yake, mtoto alikuwa na sikio. Tabu ni kwamba alikwisha kujua hivyo, na kila aliyemkuta bombani alikumbushwa.

Kazi ya wimbo huu alipewa na Mzee Simoni, baba yake Jesca. Wiki mbili nyuma Bibi Elizabeti, mama mzazi wa mzee huyo, aliletwa mjini kutibiwa goti. Akakaa kwenye chumba cha Amne kilichoning'inizwa mablanketi ukutani ili sauti isirudi, Amne akamrekodi akimwimbia mjukuu wake Jesca wimbo wa Kinyiramba wa kuagia bibi harusi, beti tatu. Siku ya pili alirudishwa kwao Kinyangiri, na daktari akasema asisafiri tena mwezi huo.

"Basi mimi sitafika," alisema bibi akiondoka. "Lakini sauti yangu ifike. Umesikia, mwanangu?"

"Itafika, bibi," Amne alijibu.

Jumatano hiyo hiyo ya ugomvi, Scola alimfuata Amne uani. Walisoma darasa moja.

"Amne, sauti ya bibi umeitunza wapi?"

"Kwenye kompyuta. Ulitaka niitunze kwenye debe la unga?"

"Na nakala nyingine?"

Amne aliangua kicheko. Alilijua swali hilo linatoka wapi. Baba yake Scola, Mwalimu Ezekieli, alikuwa mwalimu wa kwaya, na kwa kompyuta mpakato iliyofungwa bawaba kwa waya alirekodi nyimbo za kanisani kwao. Kila wimbo ulikuwa na folda yake. Kila faili lilikuwa na jina la wimbo, tarehe na namba. Na hakuna aliyetoka chumbani mpaka kazi ya siku hiyo imenakiliwa sehemu tatu: moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye flashi, ya tatu kwenye kadi ya kumbukumbu iliyolazwa nyumbani kwa katibu wa kwaya, ili hata nyumba ikiibiwa nyimbo zibaki.

"Nyie ni makarani wa nyimbo," Amne alisema. "Mnaandika tarehe, mnaandika namba, mpaka wimbo unazeeka. Mimi ni prodyuza. Nenda kampigie muhuri baba yako."

Scola aliokota ndoo yake akaondoka, na Amne akabaki na ushindi wake.

Lakini mchana ule kompyuta ilimwambia imejaa. Amne akachomeka flashi, akalinakili lile faili la LMMS lenye wimbo. Likaingia kufumba na kufumbua. "Karani anahangaika sehemu tatu kwa kitu kidogo hivi!" alijisemea. Kisha akaanza kufuta vilivyobaki. Kulikuwa na folda inaitwa "mpya", nyingine "mpya mpya", nyingine "mpya 2 kweli". Hakukumbuka zina nini, na wala hakuzifungua. Alizifuta zote, akamwaga na kapu la taka la kompyuta, halafu kwenye nafasi aliyoipata akapakia filamu mbili.

Alhamisi saa tisa alasiri, Shangazi Selina, dada yake Mzee Simoni na msimamizi wa sherehe, alikuja kuusikiliza wimbo. Hakuja peke yake. Alikuja na wanawake wanne, kwa sababu kitu kizuri kikisikilizwa na mtu mmoja nani atakisimulia?

Amne alifungua wimbo. Kikatokea kikaratasi kwenye kioo, kinasema kuna mafaili hayaonekani. Alikifunga bila kukisoma, akabonyeza. Ngoma zikapiga vizuri. Wanawake wakatikisa mabega, wakasubiri. Ngoma zikaendelea, kisha zikaisha.

"Bibi yuko wapi?" aliuliza Shangazi Selina.

"Anakuja." Amne alirudia. Ngoma tupu.

"Mwanangu, mbona napigiwa debe? Mama yangu yuko wapi humo?"

"Ni... kompyuta tu imechoka. Kesho mtamsikia."

"Prodyuza!" mmoja wa wale wanawake alisema akivaa kandambili mlangoni. "Huyu si ndiye aliyesema kuku hawajui biti?" Walicheka tangu mlangoni hadi barabarani, na kabla jua halijazama Mandewa nzima ilikwisha kusikia.

Amne alitafuta kila mahali. Alipozikumbuka zile folda alizozifuta, alimfuata mama yake akamweleza. Mama yake alimsikiliza, akamwambia neno moja tu: "Jirani."

"Mama, siendi kule."

"Basi kaimbe wewe hicho Kinyiramba."

Akaenda na flashi yake. Scola ndiye aliyefungua mlango, akaegemea fremu.

"Karibu. Makarani tupo. Una muhuri wa kugonga?"

Amne aliinamisha kichwa. "Nimefuta sauti ya bibi."

Scola alikuwa ameandaa maneno mengine matamu zaidi, lakini aliyameza. Mwalimu Ezekieli aliweka chini kikombe chake, akaitikia shikamoo ya Amne, akaichukua ile flashi na kuichunguza.

"Kumbe ulinakili hili tu? Hili faili ni sawa na ratiba ya kwaya, mwanangu. Imeandikwa hapa aingie sauti ya kwanza, pale ngoma. Waimbaji wenyewe hawamo kwenye karatasi. Wao walikuwa kwenye folda, na folda umeifukuza. Ndiyo maana lilikuwa dogo. Ukitaka kuhamisha wimbo, unabeba folda nzima, ratiba na waimbaji wake. Baada ya kufuta, umeweka kitu kingine humo?"

"Filamu mbili."

Mwalimu alifumba macho kidogo. "Kitu kilichofutwa hakiondoki mara moja. Kinabaki pale pale mpaka kingine kikalie nafasi yake. Usiiguse tena hiyo kompyuta. Scola, leta flashi yenye programu ya kufufua mafaili."

Wakavuka hadi chumbani kwa Amne, wakaiendesha programu kutoka kwenye flashi hiyo, na vilivyopatikana wakavimwaga kwenye flashi nyingine, siyo kwenye kompyuta ile ile. Ubeti wa kwanza ulirudi mzima. Wa pili ukarudi. Wa tatu ulisema neno moja, ukakwaruza kama sufuria, ukakata. Filamu ilikuwa imeukalia.

"Huo wa tatu," Amne alisema polepole, "ninaweza kuimba mimi, halafu niishushe sauti iwe nzito. Nani atajua?"

"Wewe utajua," Mwalimu alijibu. "Na Jesca atampigia bibi simu kumshukuru kwa maneno ambayo bibi hakuyasema. Ndivyo unavyotaka? Nenda kwa Mzee Simoni leo hii, ukamwambie ukweli. Mimi sikusindikizi. Ulipochukua kazi hukunichukua."

Mzee Simoni alikuwa uani akihesabu viti vya kukodi. Amne alimwamkia, akaeleza yote, hata zile filamu. Shangazi Selina, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alipiga kofi hewani.

"Kumbe kompyuta haikuchoka! Umetudanganya mchana kweupe!"

"Ndiyo, shangazi. Nilidanganya. Naomba mnisamehe."

Mzee Simoni alimaliza kuhesabu viti, kisha akasema, "Kesho alfajiri naenda Kinyangiri kuchukua kuku wa sherehe. Utapanda nyuma ya gari na matenga, na bibi utamweleza mwenyewe. Mimi sitasema chochote kwa niaba yako."

Ijumaa, Amne na Scola, aliyejitolea kumsindikiza, walimkuta Bibi Elizabeti amekaa kwenye mkeka anapepeta uwele, goti limenyooshwa. Alimsikiliza Amne mpaka mwisho bila kuacha kupepeta.

"Nyimbo hii nilifundishwa na bibi yangu nikiwa sijaota meno ya ukubwani," alisema. "Sina umeme, sina waya, na goti limekufa. Lakini imo yote. Wewe una mashine ya kukaa mezani, imekushinda wiki mbili?"

"Imenishinda, bibi."

"Haya, washa kisimu chako. Na hao majogoo wafunike, nisiimbe nao."

Aliimba ubeti wa tatu mara mbili. Simu ilipozimwa, Amne hakunyanyuka. Aliandika jina la faili: elizabeti, ubeti wa tatu, na tarehe. Akalituma kwenye simu ya Scola, kisha akalihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu, akampa Mzee Simoni aiweke kwenye mfuko wa shati wenye kifungo. Scola alimtazama tu. Hakucheka, ingawa alikuwa na haki.

Jioni walimalizia wimbo sebuleni kwa Mwalimu Ezekieli, kwa sababu Amne aliogopa kuigusa kompyuta yake. Folda nzima ilinakiliwa sehemu tatu, na kila nakala ikafunguliwa na kusikilizwa kabla ya kuaminiwa. Shangazi Selina aliitwa. Sauti ya bibi ilipoingia kwenye ubeti wa tatu, shangazi alifunika uso kwa khanga, akalia, akasema urudiwe.

Alipoondoka, Mwalimu alimgeukia Amne.

"Flashi kupotea ni jambo la kila siku, na kompyuta kufa vilevile. Kwa hilo tunatunza nakala tatu, basi. Lakini wewe hukuponzwa na kompyuta. Scola alikuuliza swali la dakika moja, ukaona kumcheka ni rahisi kuliko kwenda kuangalia. Dharau ndiyo iliyofuta wimbo. Mtu akikuuliza kazi yako iko wapi, nenda kaifungue uhakikishe, hata kama aliyeuliza humpendi. Na ukikosea, sema mapema, kabla hujaongeza kosa la pili."

"Nimesikia, Mwalimu. Scola, nisamehe. Wewe si karani."

"Mimi ni karani," Scola alisema. "Wewe ndiye siyo prodyuza. Bado."

Amne alicheka, akakusanya waya zake, akaelekea mlangoni. Pale alikutana uso kwa uso na Mama Scola, aliyekuwa anatoka jikoni na sahani ya ugali wa uwele, mlenda unafuka moshi. Tangu Jumatano walikuwa hawajasemeshana.

"Shikamoo, mama," Amne alisema, safari hii taratibu. "Naomba radhi kwa maneno yangu ya juzi."

"Marahaba." Mama Scola alimtazama tena, kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Sasa unakwenda wapi na njaa usoni namna hiyo? Nawa mikono, ingia ndani ule."